Zana, Sikio na Maisha ya Kila Siku: Fikra za Brian Eno kuhusu Utayarishaji wa Muziki, 1973–1996, na Funzo Lake kwa Historia ya Studio za Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya muziki imezoea kuandikwa kupitia majina ya waimbaji, watunzi na bendi. Mtayarishaji, yaani yule anayekaa nyuma ya kioo cha studio, hupewa mstari mmoja kwenye jalada la santuri, na mara nyingi hata mstari huo hausomwi. Makala haya yanamweka mtayarishaji katikati ya uchunguzi. Yanamtumia Brian Eno, msanii na mtayarishaji wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1948, kama mfano wa kueleza namna zana za ubunifu na maisha ya kila siku zinavyoathiriana. Eno amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ameacha ushahidi mwingi wa maandishi kuhusu kazi yake: maelezo ya majalada, mihadhara, mahojiano na shajara. Pili, safari yake ya kifikra inapita Afrika, na kwa hiyo inatuhusu sisi pia.

Hoja kuu ya makala ni kwamba zana ya muziki haitoki kiwandani ikiwa na maana iliyokamilika. Maana hiyo hujengwa na maisha yanayoizunguka: mtu anayeitumia, mahali alipo, muda alio nao na vitu alivyovikosa. Hoja hii ni rahisi kuitamka, lakini ina matokeo mazito kwa mtafiti. Ikiwa ni kweli, basi historia ya studio haiwezi kuandikwa kwa kuorodhesha mashine zilizoingia nchini na miaka zilipoingia. Inatupasa kueleza pia jinsi watu walivyoishi na mashine hizo, na kuwahesabu watu hao miongoni mwa wanafikra wa zama zao.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaelekeza upande huo. Neno ngoma hutaja chombo kinachopigwa, uchezaji wa mwili na shughuli nzima inayowakusanya watu. Neno ala nalo hutumika kwa gitaa na zeze, na wanafonetiki wamelipeleka hadi kwenye ulimi, midomo na koromeo, ambavyo huitwa ala za sauti. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana kwamba zana na maisha ni mambo yanayoingiliana. Kinachohitajika ni kuonyesha kwa ushahidi wa kihistoria jinsi yanavyoingiliana.

Kinasa sauti kama ala

Eno alizaliwa Woodbridge, mji mdogo wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Jirani na mji huo kulikuwa na kambi za jeshi la anga la Marekani, na kupitia askari wake muziki wa Wamarekani Weusi ulifika katika mikahawa ya eneo hilo. Kijana huyo hakujifunza kusoma noti. Katikati ya miaka ya 1960 aliingia chuo cha sanaa cha Ipswich, ambako Roy Ascott aliwafundisha wanafunzi kuutazama mchakato wa kazi na mifumo inayojiongoza yenyewe, badala ya kuukimbilia mchoro uliokamilika. Baadaye alihamia Winchester, akamaliza masomo mwaka 1969. Katika vyuo hivyo vya uchoraji ndimo alimokutana na kinasa sauti cha tepu na kukifanya ala yake ya kwanza.

Kati ya mwaka 1971 na 1973 alikuwa mwanachama wa bendi ya Roxy Music. Sehemu kubwa ya kazi yake humo ilikuwa kupitisha sauti za wenzake katika sintesaiza aina ya VCS3 na katika tepu, ili zitoke zimebadilika. Mwaka 1973 yeye na mpiga gitaa Robert Fripp walitoa santuri iliyotengenezwa kwa vinasa sauti viwili vilivyounganishwa. Tepu ilitoka katika mashine ya kwanza ikaingia katika ya pili, na kwa kuwa kulikuwa na umbali kati yake, sauti iliyopigwa ilirudi baada ya sekunde kadhaa na kukutana na sauti mpya. Mbinu hiyo haikuwa uvumbuzi wake. Watunzi wa Marekani Terry Riley na Pauline Oliveros walikuwa wameitumia katika miaka ya 1960. Mchango wa Eno ulikuwa kuitoa mbinu hiyo katika kumbi za majaribio na kuileta katika muziki unaouzwa madukani.

Mwaka 1979, katika mhadhara alioutoa New York na uliochapishwa mwaka 1983 katika jarida la Down Beat, aliueleza msimamo wake kinaganaga. Kwa maoni yake, kurekodi kuliutoa muziki katika wakati unaopita na kuuweka katika kitu kinachoshikika. Sauti iliyokuwa ikipotea mara tu baada ya kupigwa sasa iliweza kurudiwa, kukatwa, kupinduliwa na kupangwa upya. Kadiri mashine zilivyotoka katika traki 4 hadi 8, 16 na 24, mtunzi alizidi kufanana na mchoraji anayeongeza rangi, kuifuta na kuiongeza tena huku akiitazama kazi yake. Aliwataja pia watayarishaji wa Jamaika, ambao ubunifu wao ulikuwa katika kupunguza: kuondoa sauti hii na ile mpaka kilichobaki kipate uzito. Studio, kwa mtazamo huo, haikuwa tena chumba cha kuhifadhia muziki uliotungwa kwingine. Muziki ulitungiwa humo.

Kitanda cha mgonjwa na uwanja wa ndege

Kama fikra hizo zingebaki ndani ya studio, Eno angekuwa fundi mmoja hodari miongoni mwa wengi. Kilichomtofautisha ni jinsi alivyoyaruhusu mambo ya kawaida ya nyumbani na barabarani yaziumbe upya zana zake.

Mwezi Januari 1975 aligongwa na gari jijini London, akalazimika kulala kitandani kwa muda. Rafiki mmoja alimletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika baadaye, aliiweka santuri kwa taabu, akarudi kulala, kisha akagundua kwamba sauti ilikuwa chini mno na kipaza sauti cha upande mmoja hakikufanya kazi. Hakuwa na nguvu ya kuinuka kurekebisha. Alilala akisikia noti chache zilizoipita sauti ya mvua iliyokuwa ikinyesha nje, na nyingine zikimezwa. Hapo aliuona muziki kama sehemu ya mazingira ya chumba, sawa na mwanga na mvua. Mwaka huohuo alitoa santuri ya Discreet Music, ambayo kipande chake kikuu cha dakika 30 hivi kilitokana na mashine zilizoachwa zijiendeshe zenyewe kwa mfumo wa tepu uliotajwa hapo juu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati. Mtafiti anapaswa kukisoma kwa uangalifu zaidi. Vipaza sauti vibovu vimejaa majumbani duniani kote, na wagonjwa wanaosikia muziki kwa shida hawahesabiki. Tukio lilizaa wazo kwa sababu lilimkuta mtu aliyekwisha kutumia miaka kadhaa akifikiri kuhusu mifumo inayojiendesha. Maisha ya kila siku yalitoa hali, na mafunzo ya muda mrefu yakatoa sikio la kuitambua.

Mfano wa pili ni wa uwanja wa ndege. Eno ameeleza kwamba wazo la santuri ya Music for Airports, iliyotoka mwaka 1978, lilimjia akisubiri katika uwanja wa ndege wa Cologne na Bonn nchini Ujerumani. Jengo lilikuwa zuri, lakini muziki uliokuwa ukisikika haukulistahili. Alijiuliza ni muziki gani ungeweza kuishi mahali kama hapo: usiokatiza mazungumzo, usiozuia matangazo, na wenye kumpa msafiri mwenye hofu nafasi ya kutulia. Muziki huo ulipaswa kumridhisha anayeusikiliza kwa makini bila kumsumbua asiyeutaka.

Jibu lake la kiufundi lilikuwa vipande vya tepu vilivyofungwa kama pete, kila kimoja kikiwa na noti au sauti chache, na vyote vikiwa na urefu tofauti. Hesabu yake ni nyepesi. Tuchukulie pete moja inajirudia kila sekunde 23 na nyingine kila sekunde 29. Zikianza pamoja, hazitakutana tena katika nafasi ileile mpaka zipite sekunde 667, yaani zaidi ya dakika 11. Pete ya tatu ikiongezwa, muda wa kukutana unarefuka mara nyingi zaidi. Kwa njia hiyo mtayarishaji hupanga masharti machache, kisha masharti hayo huzaa muziki mrefu ambao hata yeye hakuupanga noti kwa noti. Mwaka 1980 muziki huo ulipigwa katika jengo la abiria la uwanja wa LaGuardia, New York, na hivyo ukarudi katika aina ya mahali palipouzaa.

Kadi na mipaka ya hiari

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkosoa mtu anayetumia siku nzima kukagua zana huku msimu ukimpita. Ni onyo linalomhusu sana mtayarishaji wa muziki, kwa kuwa studio ni mahali penye majembe mengi. Mwenye traki 24 anaweza kuahirisha kila uamuzi, akijua kwamba atarekebisha baadaye, mpaka kazi ikakosa mwisho.

Eno na mchoraji Peter Schmidt walilishughulikia tatizo hilo mwaka 1975 kwa zana isiyotumia umeme: boksi la kadi zaidi ya 100 lililoitwa Oblique Strategies. Kila kadi ilikuwa na agizo fupi au swali. Msanii aliyekwama alichomoa kadi moja na kuitii hata kama haikumpendeza. Kadi nyingine zilimtaka alichunguze kosa kana kwamba lilikusudiwa, nyingine zilimtaka apunguze vitu au aangalie jambo alilolipuuza. Wote wawili walikuwa wameanza kukusanya maagizo ya aina hiyo kila mmoja kivyake kabla hawajayaunganisha.

Kadi hizo zilitumika katika santuri alizoshirikiana na David Bowie kati ya mwaka 1977 na 1979, ambazo mtayarishaji mwenza wake Bowie alikuwa Tony Visconti. Katika wimbo mmoja wa santuri ya Lodger ya mwaka 1979, wanamuziki walibadilishana ala: mpiga gitaa Carlos Alomar akakaa kwenye ngoma, na mpiga ngoma Dennis Davis akashika besi. Wanamuziki hodari wa kiwango chao walikuwa na mazoea ya mikono yaliyowapeleka palepale kila siku. Kubadilishana ala kuliwanyang'anya mazoea hayo kwa muda, na wimbo ukapata mwendo wa watu wanaotafuta njia.

Hata hivyo, ni lazima kusema kwamba mipaka ya hiari ni anasa ya namna fulani. Anayejinyima huku ana uwezo wa kupata hafanani na aliyenyimwa. Mwanamuziki anayechagua kutumia kinasa sauti kimoja London na yule asiye na kingine cha kutumia hawako katika hali moja, hata kama sauti zinazotoka zinakaribiana. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa safari ya Eno kwenda Ghana uzito wa kihistoria.

Accra, Novemba 1980

Kufikia mwaka 1980 Eno alikuwa msikilizaji wa miaka mingi wa Fela Kuti wa Nigeria na mpiga ngoma wake Tony Allen. Athari ya muziki huo inasikika wazi katika santuri ya Remain in Light aliyowatayarishia Talking Heads mwaka huo, ambamo nyimbo zilijengwa juu ya mizunguko mifupi inayopishana. Mwezi Novemba 1980 alikwenda Accra na kutayarisha santuri ya The Pace Setters ya bendi ya Edikanfo, iliyotoka mwaka 1981. Mwenyeji wa kazi hiyo alikuwa Faisal Helwani, mtayarishaji na mfanyabiashara wa muziki aliyemiliki klabu ya Napoleon na studio yake mwenyewe mjini humo.

Jambo hili la mwisho lisipitwe haraka. Eno hakuwapelekea Waghana studio. Aliikuta. Alimkuta pia mtayarishaji mwenye uzoefu wa miaka, aliyejua bendi, watazamaji, umeme wa mji na bei ya vitu. Mkutano wa Accra ulikuwa wa watayarishaji wawili, ingawa vitabu vya historia vimemkumbuka mmoja zaidi ya mwingine.

Matokeo makubwa ya safari hiyo kwa Eno mwenyewe yalitokea nje ya studio. Katika maelezo ya santuri yake ya On Land ya mwaka 1982, alieleza kwamba alikuwa amebeba maikrofoni na kinasa sauti cha kaseti kwa nia ya kurekodi muziki na usemi wa wenyeji. Badala yake, nyakati nyingine jioni alijikuta amekaa barazani, maikrofoni ikipokea sauti kutoka kila upande, naye akizisikiliza kupitia vipokea sauti vya masikioni. Sauti zilizo mbali na zilizo karibu ziliingia katika fremu moja, na kwa jinsi hiyo zikawa muziki bila mtu yeyote kuzipiga.

Baada ya hapo aliporudi kazini alitengeneza santuri kuhusu mahali, na sehemu kadhaa alizozitaja katika majina ya vipande ni za Suffolk ya utoto wake. Ndani yake aliingiza sauti za vyura, wadudu na ndege pamoja na za ala. Yaani baraza la Accra lilimrudisha kwenye mabwawa ya kwao. Zana aliyokuwa nayo, kinasa sauti cha kaseti, ilikuwa ya kawaida kabisa, na mamilioni ya watu Afrika walikuwa nayo nyumbani. Kilichobadilika ni matumizi: badala ya kukielekeza kwenye kitu alichokijia, alikiacha kisikilize kila kilichokuwapo.

Historia ya Edikanfo inatukumbusha upande wa pili. Tarehe 31 Desemba 1981 Jerry Rawlings alitwaa madaraka ya Ghana kwa mapinduzi, na amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata ikaua sehemu kubwa ya muziki wa klabu mjini Accra. Bendi inayoishi kwa kupiga usiku haiwezi kuishi bila usiku. Kwa mtayarishaji wa London, maisha ya kila siku yalikuwa chemchemi ya mawazo. Kwa wenzake wa Accra, maisha hayohayo ya kila siku yalifunga milango ya kazi.

Sauti za watu wengine

Santuri ya My Life in the Bush of Ghosts, iliyotolewa na Eno na David Byrne mwaka 1981, ilichukua jina lake kutoka riwaya ya Amos Tutuola wa Nigeria ya mwaka 1954. Waimbaji wake hawakuingia studio. Sauti zao zilichukuliwa kutoka redio na santuri za watu wengine: wahubiri wa Marekani, mwimbaji wa Lebanoni, na Waislamu wa Algeria wakisoma Kurani. Kipande chenye usomaji huo wa Kurani kiliondolewa katika matoleo ya baadaye baada ya Waislamu nchini Uingereza kulalamika.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, malalamiko hayo hayahitaji ufafanuzi. Usomaji wa Kurani una adabu zake za kusoma na za kusikiliza, na kuuweka juu ya mdundo wa ngoma ni kuutoa katika adabu hizo. Kinasa sauti hakiujui mpaka huo. Kwake, mahubiri, kisomo na ugomvi wa redioni ni mawimbi ya sauti yaliyo sawa. Hapa ndipo fikra ya studio kama mahali pa kutungia inapofika ukingoni. Sauti kuwa kitu kinachoshikika hakumaanishi kwamba imekuwa kitu kisicho na mwenyewe. Anayeikata na kuipanga upya anashika pia heshima ya mtu.

Kompyuta na Afrika iliyokosekana

Mwaka 1995 ni muhimu kwa uchunguzi huu kwa sababu tatu. Eno aliandika shajara ya mwaka mzima, iliyochapishwa mwaka 1996 kwa jina la A Year with Swollen Appendices. Ndani yake vikao vya studio vimechanganyika na mapishi, watoto, mikutano na shughuli za kuwasaidia wahanga wa vita vya Bosnia. Msomaji anayetafuta sura ya kazi iliyotengwa na sura ya nyumbani haipati.

Pili, mwaka huo ulitoka mfumo wa kompyuta wa Windows 95, ambao mlio wake wa kuwashia, wa sekunde chache tu, ulitungwa na Eno. Kwa maelezo yake mwenyewe aliutunga kwa kutumia kompyuta ya Macintosh. Mlio huo ulisikika katika ofisi, vyuo na vituo vya kuchapia vya miji yetu pia. Hivyo watu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala waliusikia utunzi wake kila asubuhi bila kulijua jina lake. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa muziki uliozama katika maisha ya kila siku.

Tatu, katika mahojiano yake na jarida la Wired mwaka huohuo, alilalamika kwamba kompyuta za muziki zimeundwa na watu waliousahau mwili: mtumiaji hukaa, hutazama kioo, na kidole kimoja hufanya kazi ambayo zamani ingeushirikisha mwili mzima. Akasema kwa mkato kwamba kasoro ya kompyuta ni kuwa ndani yake hakuna Afrika ya kutosha.

Kauli hii ina pande mbili. Kwa upande mmoja ni ukiri wa deni. Mtu aliyejifunza kwa Fela, kwa Allen na kwa Accra anasema wazi kwamba teknolojia ya nchi zake imepungukiwa na kitu ambacho wengine wanacho. Kwa upande mwingine, kauli hiyo inaifanya Afrika kuwa jina la mwili, huku fikra ikiachiwa wengine. Ushahidi wa Eno mwenyewe unaupinga mgawanyo huo. Mpiga ngoma anayeipa mikono na miguu yake mizunguko minne inayopishana, akaishikilia kwa dakika 15 bila kupotea, anafanya hesabu ileile ya pete za tepu za mwaka 1978, tena bila mashine ya kumkumbusha. Na Helwani, mwenye studio yake, alikuwa akifikiri kuhusu zana miaka mingi kabla ya mgeni kufika. Kwa hiyo kilichokosekana ndani ya kompyuta kilikuwa mwili pamoja na fikra ambazo hazikuwa zimesikilizwa.

Funzo kwa historia ya studio zetu

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, studio za Radio Tanzania Dar es Salaam ndizo zilizokuwa mahali pakuu pa kurekodia bendi za dansi Tanzania Bara. Mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na bendi nyingine zilivuka kwenda Nairobi kutafuta kampuni za santuri. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa redio binafsi, na katika muongo huo studio binafsi nazo zikaongezeka. Kompyuta ilichukua nafasi ya tepu. Programu ya FruityLoops, iliyotengenezwa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003, ikawa miongoni mwa zana mashuhuri za kizazi cha Bongo Fleva.

Maelezo ya kawaida ya kipindi hicho husema kwamba kompyuta ilirahisisha kazi na kushusha gharama. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Prodyuza wa Dar es Salaam alipokea programu yenye sauti zilizotayarishwa Ulaya na mpangilio wa midundo uliogawanywa katika visanduku vinavyolingana. Alikubali nini na akakataa nini? Aliupataje mwendo wa mchiriku au wa taarab ndani ya visanduku hivyo? Mgao wa umeme wa mwaka 2006 uliibadilishaje saa ya kurekodi, na kwa hiyo hali ya mwimbaji aliyeitwa usiku wa manane umeme uliporudi? Studio iliyokuwa chumba cha nyumba ya familia ilimfundisha nini kuhusu kelele, subira na majirani? Watayarishaji hao walijua kwamba kazi yao ina mwenyewe, ndiyo maana majina yao au ya studio zao hutajwa mwanzoni mwa nyimbo nyingi, kama saini ndani ya sauti.

Maswali hayo hayajibiwi na kumbukumbu za ofisini. Eno anachunguzika kwa sababu aliandika na kuulizwa. Watayarishaji wetu wametajwa sana katika nyimbo, lakini wameulizwa mara chache kuhusu fikra zao. Wale walioshika mashine za tepu katika miaka ya 1970 sasa ni wazee, na maarifa yao yamo vichwani na mikononi mwao.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba zana alizozitumia Eno zilipata maana mpya kila zilipokutana na hali mpya ya maisha: kinasa sauti katika chuo cha uchoraji, kipaza sauti kibovu karibu na kitanda cha mgonjwa, pete za tepu katika uwanja wa ndege, kadi katika chumba cha watu waliochoka, na kaseti katika baraza la Accra. Yameonyesha pia mipaka ya fikra hizo, hasa pale sauti ya mtu mwingine inapochukuliwa bila ridhaa, na pale Afrika inapofanywa mwili usio na fikra.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa historia ya muziki kwa Kiswahili wawahoji watayarishaji na mafundi mitambo kwa utaratibu uleule unaotumika kwa washairi na manju. Wasiulizwe tu walimrekodi nani na mwaka gani. Waulizwe walisikia nini, walikosa nini, walifanya nini umeme ulipokatika, na kwa nini waliuacha mlio fulani ubaki ndani ya wimbo. Kazi hiyo ianze na walio hai wa zama za tepu, kwa kuwa kila anayefariki anaondoka na sehemu ya studio ambayo hakuna mashine iliyoirekodi.